Zawadi Iliyochelewa Kurudi

Februari 2014, William Ngeleja, wakati huo mbunge wa Sengerema, ng'ambo ya maji ukitoka Mwanza, aliingiziwa benki shilingi milioni 40.4. Mtoaji alikuwa mfanyabiashara James Rugemalira. Ngeleja alieleza baadaye kwamba alizipokea kwa nia njema, kama msaada. Sina sababu ya kumbishia. Mlango wa mbunge hubishwa tangu alfajiri, huyu ana msiba, yule anataka mabati ya msikiti.

Lakini dalili zilikuwepo. Rugemalira aliwahi kuwa na hisa katika IPTL, kampuni ya kufua umeme, na Ngeleja alikuwa Waziri wa Nishati na Madini hadi 2012. Hapo tu ilifaa kujiuliza: kwa nini mimi? Kiasi chenyewe nacho kilipiga kelele, kwa kuwa sheria ya maadili ya viongozi ya mwaka 1995 ilitaka zawadi inayozidi shilingi 50,000 itamkwe.

Novemba 2014 sakata la Tegeta Escrow, akaunti ya fedha za umeme wa IPTL, likalipuka bungeni, majina ya waliopokea fedha za Rugemalira yakatajwa. Muda wa kurudisha ulikuwa bado upo, na mtoaji alikuwepo. Januari 2015 Ngeleja alizilipia kodi, takriban milioni 13. Ni vema, ila kodi haijibu swali la zawadi.

Juni 2017 Rugemalira akafikishwa mahakamani kwa sakata hilohilo. Mwezi uliofuata Ngeleja akarudisha milioni 40.4 zote, akisema anajitenga na kashfa. Akazipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA); aliyempa alikuwa mahabusu. Ukijumlisha na kodi, zilimtoka zaidi ya milioni 53. Mashtaka ya Rugemalira yenyewe yalifutwa mwaka 2021, lakini minong'ono haikusubiri hukumu.

Mimi na wewe hatutumiwi milioni 40. Tunaletewa sangara mzima na mtu ambaye faili lake liko mezani kwetu, au bahasha ya "nauli" kutoka kwa mzazi wa mwanafunzi. Mkono huwa mwepesi kupokea, hasa mwisho wa mwezi, na wangu haujapona ugonjwa huo. Basi turudishe wiki hiyohiyo, kwa miguu yetu, kwa asante ya kweli: "Ndugu yangu, moyo wako nimeuona, ila kazi hii hainiruhusu." Awepo shahidi. Tusimtume mtoto, wala tusiipitishe kwa mtu mwingine kimyakimya. Na kama sangara ameshaliwa, tuseme ameliwa, tulipe bei yake ya mwaloni.