Chagueni Watu Saba

Wapendwa, fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 6. Kanisa bado changa, na tayari watu wananung'unika juu ya chakula. Wajane wanarukwa katika mgawo wa kila siku. Wajane gani? Wasemao Kiyunani! Wenye lugha ya nyumbani wanakula, wageni wa lugha wanatazama.

Ninyi mliotoka Kongo, mkakaa katika kambi za Nyarugusu na Kyangwali miaka na miaka hadi mkafika Marekani, mnajua leo anarukwa nani. Julai 2025 Rais Trump alitia saini sheria inayowaondoa wakimbizi katika fudistempu, msaada wa serikali wa kununulia chakula, mpaka wapate ukaazi wa kudumu. Mtu amepokewa kwa idhini ya serikali hiyo hiyo, kisha anaambiwa angoje karatasi ndipo ale! Novemba iliyofuata, serikali ilipofungwa kwa ugomvi wa bajeti, watu wapatao milioni 42 wanaotegemea kadi za msaada huo walionja hofu ya sufuria tupu.

Na bado wapo kati yenu wanaoficha kadi kiganjani, jirani asiione dukani. Aibu ya nini? Torati haikumbembeleza mwenye shamba awe na huruma. Ilimwamuru asivune mpaka pembeni, amwachie maskini na mgeni. Ruthu Mmoabi aliokota mchana kweupe, na jina lake limo katika ukoo wa Yesu. Fudistempu nayo ni sheria, tangu Rais Johnson alipoitia saini mwaka 1964, na kodi mnayokatwa kwenye viwanda vya nyama imo humo. Okoteni, vichwa juu!

Lakini kulaani Washington hakutoshi. Mitume waliliambia kanisa lichague watu saba, na majina yote saba, kuanzia Stefano, ni ya Kiyunani. Waliorukwa ndio waliokabidhiwa mgawo! Sisi tuna kwaya tatu na kamati ya sare (kamati ya sare haikosi kikao), tushindwe kupata watu saba wa kusoma barua? Barua ya kuhuisha fudistempu inafika, mama haelewi Kiingereza chake, anaiweka juu ya friji. Tarehe inapita, kadi inafungwa. Hapo msilisingizie Bunge. Huo ni uzembe wetu.

Chagueni saba kabla ya Jumapili ijayo, na vijana waliosoma hapa wawemo, hata kama hawajaoa. Wamhimize kila mkimbizi aliyetimiza mwaka aombe ukaazi wa kudumu. Wawaeleze wazazi kwamba mtoto aliyezaliwa Marekani ni raia, anaweza kuombewa msaada hata kama karatasi za baba yake hazijakamilika. Wawapeleke wajawazito na wenye watoto wa chini ya miaka 5 kwenye WIC, mpango wa serikali wa chakula cha mama na mtoto, ambako sheria ile ya Julai 2025 haikuwafungia mlango. Na siku kadi ya mama ikikataa, mfuko wa sadaka ufunguliwe siku hiyo hiyo. Unga wa fufu na sombe vitangulie kwake, mchungaji wa kumwombea afuate nyuma.