Jua Nalo ni Kiumbe

Kila sifa njema anaistahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Tarehe 8 Aprili 2024, katika siku za mwisho za Ramadhani ya mwaka 1445 Hijria, jua lilipatwa lote mchana katika miji ya Dallas na Fort Worth, jimbo la Texas, Marekani. Mjini Dallas giza lilidumu karibu dakika 4. Houston haikuwa katika njia ya giza hilo. Huko jua lilifunikwa sehemu kubwa tu.

Mambo kama hayo huamsha maswali majumbani. Mtoto hurudi kutoka skuli akauliza: "Baba, mwalimu amesema jua limetokana na gesi. Basi Mungu amefanya nini?" Mzazi akimkemea, mtoto atanyamaza, lakini swali litabaki moyoni, na huenda siku moja akadhani kuwa dini haina jibu.

Jibu lipo. Wataalamu wa falaki wanaeleza kuwa nyota huanza ndani ya mawingu makubwa ya gesi na vumbi, yenye baridi kali. Sehemu ya wingu hujikusanya kwa nguvu ya mvutano, ikabanana na kupata joto, mpaka kitovu chake kikafikia mamilioni ya digrii. Hapo hidrojeni huanza kugeuka heli, na nuru ikatoka. Jua lilianza hivyo yapata miaka bilioni 4.6 iliyopita, na mabaki ya wingu lake yakawa sayari, ardhi ikiwa mojawapo. Huko Houston, Kituo cha Anga cha Johnson kimehifadhi sehemu kubwa ya kilo 382 za mawe na udongo wa mwezi zilizoletwa baina ya 1969 na 1972. Baadhi ya mawe hayo yana umri uliopindukia miaka bilioni 4. Na hidrojeni ya jua nayo itakwisha.

Kujua namna kitu kilivyofanywa si kumkanusha aliyekifanya. Ajuaye kuwa mimba hukua hatua kwa hatua hasemi kuwa mtoto hakuumbwa. Gesi haina akili wala mvutano hauna shauri. Ni nani basi aliyeviwekea kanuni visizozivuka? Qur'ani imetaja mbingu zilipokuwa moshi. Lakini si adabu kuifunga Aya kwenye nadharia ya wanadamu, kwani nadharia hubadilika.

Mwaka 10 Hijria alifariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Mtume, naye yumo katika huzuni, aliwakataza: jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu. Akawaamrisha sala na dua.

Basi mzazi na amfundishe mwanawe yote mawili: elimu ya nyota, na kumsujudia Aliyeziumba. Wabillahi tawfiq.