Kamera Isiyo na Mgongo

Hadithi hii nimeitunga kwa ajili ya wanaojifunza filamu na wanaowafunza.

Wanafunzi wanne walisimamisha kamera ya nyuzi 360 katika steji ya Dagoretti Corner jijini Nairobi, Barabara ya Naivasha inapoachana na ya Ngong. Walitaka mtazamaji akivaa miwani ya uhalisia pepe ajione yupo katikati ya matatu, na mbele yake mwigizaji wao, kijana makanga aliyefutwa kazi asubuhi hiyo. Makanga wa kweli waliokuwa karibu na mwigizaji waliombwa ruhusa mmoja mmoja.

Kamera hiyo ina lenzi mbili pana zilizopeana visogo, na programu huunga picha zake zikawa duara moja. Mwongozaji hana pa kusimama asionekane. Basi wakaiwasha, wakakimbia kujificha nyuma ya matatu iliyoegeshwa, wakawa wanasikiliza sauti tu. Muda wote huo hakuna jicho la mtu lililoangalia kilichokuwa kikirekodiwa.

Siku ya kuonyesha kazi, mtazamaji wa kwanza alimsikiliza mwigizaji kidogo, kisha akageuka. Wa pili vilevile. Upande ambao hakuna aliyeupanga, mama muuza matunda alikuwa ameketi na simu sikioni, analia. Wote walimtazama yeye, na yeye hakuwa ameulizwa lolote.

Lawama yangu iko kwa mafunzo kabla ya kufika kwa vijana. Tunawaonyesha vitufe vya mashine mpya, halafu tunawaachia adabu ya kamera ya zamani, iliyokuwa na mbele na nyuma. Nairobi haikosi mfano bora. Mwaka 2017 kundi la wasanii la The Nest Collective walitoa filamu ya uhalisia pepe, Let This Be a Warning, ambamo mtazamaji anapokewa kama mgeni asiyetakiwa. Waliamua kwanza mtazamaji ni nani pale alipo. Wanafunzi wetu hawakujiuliza swali hilo, kwa hiyo mtazamaji akajichagulia cha kuangalia, kama ambavyo mpita njia yeyote angefanya.

Mmoja wao alitetea picha ya mama yule: ndiyo kweli pekee katika filamu nzima, alisema, na sheria inawalegezea wasanii. Ni kweli Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inatoa nafasi kwa kazi za sanaa. Lakini machozi ya mama yule hayakuwa mali yao.

Kwa kuwa kamera haikusogezwa, walichukua kipande cha dakika ambazo mama hakuwepo, wakakibandika mahali pake. Mwalimu akawarudisha steji wamtafute, wamweleze walichokinasa na walichokifuta. Walipopiga picha tena, mwanafunzi mmoja hakujificha. Alivaa kama abiria, akakaa ndani ya picha akiuangalia upande wa pili, akiwa na mamlaka ya kusimamisha kazi wakati wowote.