Subira Isiyovuta Heri

Methali zetu zinampenda mtu mvumilivu. Subira yavuta heri, tunaambiwa. Mvumilivu hula mbivu. Sina ugomvi na maneno hayo. Mkulima asiye na subira hungoa muhogo kabla haujakomaa, na mzazi asiye na subira halei. Lakini kuna jambo moja ambalo methali hizo hazilitaji, nalo ni gharama. Mtu anapovumilia, nani hasa anayelipa? Ni yeye peke yake, au deni hupelekwa pia kwa wengine ambao hata hawakuulizwa? Na je, uvumilivu unaweza kuzidi kiasi mpaka ukaacha kuwa fadhila na ukawa kosa?

Maswali haya nimeyakuta katika riwaya moja ya Australia ambayo kwa miaka mingi ilikaa kando kama kitabu kisicho na mwenyewe. Inaitwa The Watch Tower, yaani mnara wa kulindia. Iliandikwa na Elizabeth Harrower na ikatoka mwaka 1966. Mwandishi huyu alizaliwa Sydney mwaka 1928, akaishi London kwa miaka kadhaa, akarudi kwao mwaka 1959. Hii ilikuwa riwaya yake ya nne. Aliandika nyingine baada yake, lakini mwaka 1971 akaiondoa mwenyewe kwa wachapishaji kabla haijatoka, na tangu hapo hakutoa riwaya tena kwa zaidi ya miaka arobaini. Wasomaji wakasonga mbele, vitabu vyake vikawa adimu. Mwaka 2012 shirika la Text Publishing la Melbourne lilipoichapa upya The Watch Tower, watu wakashtuka: kumbe tulikuwa na kitu hiki nyumbani na hatukujua! Mwaka 2014 na ile riwaya iliyofichwa, In Certain Circles, ikatoka. Harrower alifariki mwaka 2020 akiwa na miaka 92, kwa hiyo angalau aliwahi kuuona mlango ukifunguliwa.

Sasa tuingie ndani ya kitabu. Laura na Clare Vaizey ni ndugu wawili wanaosoma shule ya bweni. Baba yao, ambaye ni daktari, anafariki. Laura, aliye mkubwa, alikuwa na ndoto ya kuwa daktari kama baba yake, lakini mama yao, Stella, anawaondoa shuleni na kuhamia nao Sydney. Mama huyu si mkatili wa kupiga mtoto. Ni mvivu wa moyo. Yeye hujilaza, na mabinti hupika, hufua, humpelekea chai. Laura anapelekwa kujifunza hatimkato na kupiga taipu, kisha anapata kazi ya ukarani katika kiwanda cha maboksi cha Bwana Felix Shaw. Halafu siku moja mama anaamua kwenda Uingereza na kuwaacha. Basi tu, hivyo hivyo.

Hapo ndipo Felix anapojitokeza na posa. Amemzidi Laura umri kwa mbali. Hasemi habari za mapenzi. Anachotoa ni dari la kulala chini yake, na ahadi kwamba mdogo mtu ataendelea na masomo. Laura anahesabu. Hana baba, hana mama wa kumtegemea, na ana mdogo wa kumlea. Anakubali. Wanahamia katika nyumba nzuri ya Neutral Bay, yenye kutazama maji ya bandari ya Sydney. Ahadi ya shule inayeyuka mapema, na mandhari yale mazuri yanabaki kuwa picha ya dirishani ambayo hakuna mwenye nafasi ya kuifurahia.

Felix ni mmoja wa wahusika wa kutisha kuliko wengi niliowahi kusoma, na silaha yake kuu si ngumi. Silaha yake ni hali ya hewa ya nyumba. Leo amefurahi, kesho amenuna, na hakuna ajuaye sababu. Anakunywa. Anawatamani wanaume wenzake wamheshimu kiasi kwamba anauza biashara zake kwa bei ya kutupa ili tu aitwe rafiki, kisha hasara hiyo anakuja kuwalipisha wanawake wawili walioko nyumbani. Laura anafanya kazi ya kiwandani na ya jikoni, na kazi ya tatu isiyo na jina: kusikiliza nyayo mlangoni, kupima sauti ya funguo, kukisia leo itakuwaje. Ndugu msomaji, kama umewahi kuingia nyumba ambayo watoto hunyamaza wote kwa pamoja gari la baba linaposikika, unaijua kazi hiyo.

Laura anaishi kwa kanuni ambayo sisi tungeiita funika kombe mwanaharamu apite. Usimjibu. Usimuudhi. Kesho atapoa. Kanuni hii ina hekima yake, kwani ugomvi mwingi duniani umezimwa na mtu mmoja aliyekubali kunyamaza. Lakini inafaa pale tu mwanaharamu anapokuwa mpita njia. Katika nyumba ya Neutral Bay mwanaharamu hapiti. Ndiye mwenye nyumba. Na kombe likifunikwa kila siku, mwaka hadi mwaka, kilichomo ndani huoza.

Kinachooza ni nini? Hapa ndipo ukali wa kitabu ulipo. Mwanzoni Laura anavumilia kwa ajili ya Clare. Anapokea mapigo ya maneno ili mdogo wake asipokee. Lakini kidogo kidogo, bila siku yoyote unayoweza kuinyooshea kidole, mambo yanageuka. Anaanza kumwomba Clare naye anyamaze. Amwombe Felix radhi, ingawa hakumkosea. Acheke Felix anapotaka kicheko. Mwishowe, Clare anapotaka kuondoka, anayemzuia kwa machozi na lawama ni Laura, kwa sababu akiondoka nyumba haitakalika. Uvumilivu ulioanza kama ngao ya mdogo umekuwa kamba ya kumfungia.

Basi tuulize waziwazi: je, Laura ana hatia?

Wapo watakaosema hana hata chembe, na hoja yao ni nzito. Angekwenda wapi? Hadithi hii inatokea katika miaka ya vita kuu ya pili na iliyofuata. Huko Australia, kabla na mwanzoni mwa vita hivyo, mshahara wa msingi wa mwanamke ulikadiriwa kuwa takriban asilimia 54 ya ule wa mwanamume, eti kwa kuwa mwanamume ndiye mwenye familia ya kulisha. Mwanamke aliyeolewa hakuruhusiwa kushika nafasi ya kudumu katika utumishi wa serikali kuu. Kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 1966, mwaka uleule kitabu hiki kilipotoka. Talaka ilidai kuthibitisha kosa la mwenzio mahakamani, na utathibitishaje hali ya hewa ya nyumba? Sheria iliyoondoa sharti hilo ilipitishwa mwaka 1975. Hata nyumba ya kukimbilia kwa wanawake, ile iliyoitwa Elsie katika mtaa wa Glebe, Sydney, ilifunguliwa mwaka 1974. Kwa hiyo tunapomwambia Laura "si uondoke tu," tunamwonyesha mlango uliochorwa ukutani.

Nakubali yote hayo. Lakini Clare naye anaishi Sydney ileile, chini ya mishahara ileile, naye anabaki na akili yake. Anaona. Kila siku anaona, na anakataa kujiambia kwamba anachokiona si hicho. Kwa hiyo hali ya nchi inaeleza mengi, ila haielezi yote.

Pengine utanijibu kwamba kumlinganisha Clare na Laura si haki, na utakuwa umenishika pazuri. Mkubwa ni jaa. Kila takataka ilitupwa kwa Laura kwanza: kifo cha baba, uvivu wa mama, ndoa ya Felix. Clare aliweza kusimama mbali kidogo na kutazama kwa sababu kuna mtu mwingine aliyesimama mbele yake. Macho ya Clare yalinunuliwa kwa mgongo wa Laura. Msomaji anayempenda Clare na kumdharau Laura hajasoma vizuri.

Kwa maoni yangu, njia ya kutoka ni kutenganisha mambo mawili ambayo tumezoea kuyafunga katika kitita kimoja. Kuna swali la nani aliyeharibu, na kuna swali la nini kilichoharibika. La kwanza jibu lake ni Felix, na hakuna haja ya kulizungusha. Lakini la pili linabaki hata baada ya Felix kuhukumiwa. Laura alipomwambia mdogo wake abaki, alifanya jambo baya. Kulielewa jambo hilo si kulihalalisha. Tena nadhani kumwambia mtu "wewe huna kosa lolote, ulilazimishwa tu" ni namna nyingine ya kumnyang'anya utu, kwa maana aliyelazimishwa katika kila kitu hawezi tena kusifiwa kwa chochote. Mimi namheshimu Laura wa mwanzo, yule aliyejitoa kwa ajili ya mdogo wake. Heshima hiyo ndiyo inayonilazimu niseme kwamba Laura wa mwisho alimkosea.

Harrower anatupa kipimo cha kutusaidia, naye hakitangazi. Karibu na mwisho anaingia Bernard, kijana mhamiaji kutoka Uholanzi, mfanyakazi wa Felix, anayeugua na kuletwa nyumbani. Clare anamuuguza. Kwa nje ni kazi ileile ya Laura: kupika, kukesha, kusikiliza, kujisahau kwa ajili ya mwingine. Lakini tazama matunda. Bernard anapata nguvu, na Clare anamtakia maisha yake mwenyewe, mbali na nyumba ile. Felix, kwa upande wake, amehudumiwa miaka yote hiyo na hakupona chochote. Kila alipovumiliwa aliongeza kipimo, kama mgema aliyesifiwa. Hapo nikaona kwamba wema haupimwi kwa kiasi cha maumivu ya mtoaji. Unapimwa pia kwa kuangalia unajenga nini kwa anayepokea. Subira inayomlea mgonjwa ni fadhila. Subira inayolea ugonjwa wenyewe, hata ikigharimu machozi kiasi gani, lazima itafutiwe jina jingine.

Kisha Clare anaondoka. Wako watakaomwita mbinafsi: amemwacha dada aliyemtolea ujana wake! Mimi sioni hivyo. Alikuwa amebaki miaka mingi akitumaini kwamba kuwapo kwake kutamsaidia Laura, hadi alipotambua kwamba kuwapo kwake ndiko kunakoifanya nyumba iendelee kusimama. Mashahidi wawili wanaonyamaza huifanya aibu ionekane ni desturi ya kawaida. Kuondoka kwake ndiyo sentensi ya kweli ya kwanza kutamkwa katika nyumba ile kwa muda mrefu, na Laura akitaka siku moja kuisikia, imeshatamkwa. Lakini sitadai kwamba mwisho huu ni mtamu. Laura amebaki na Felix, na sasa hakuna wa kugawana naye hofu. Mwandishi hatupi faraja hapo, na nadhani amefanya uaminifu. Tendo linaweza kuwa sahihi na bado likamwacha mtu nyuma anaumia.

Labda ndiyo sababu kitabu hiki kilisahaulika kwa urahisi. Hakina shujaa wa kupigiwa makofi, wala jangwa, wala kondoo, wala wapanda farasi wa zile hadithi za Australia zinazosafiri vizuri ng'ambo. Kina nyumba, meza ya chakula, na wanawake wawili wanaotega masikio. Mambo ya ndani ya nyumba daima yameonekana madogo, nayo hubaki kuonekana madogo mpaka mtu ayaandike kwa ukubwa wake.

Tuendelee basi kuwafundisha wadogo zetu subira, kwani maisha yataidai. Ila tukimfundisha mtu subira bila kumfundisha kuuliza maswali mawili, tumempa nusu ya somo. La kwanza: ninachokivumilia, kinapungua au kinanenepa? La pili ni lile ambalo Laura hakujiuliza mapema, na lilipomfikia alikuwa tayari ameushika mkono wa mdogo wake mlangoni: ni nani mwingine anayelipia uvumilivu wangu?