NGANDA NI YA WATU WAKUBWA, LAKINI MOSHI NI WA NANI?

Katika vijitabu vyetu vya mila tumezoea kuandika juu ya ndoa, mahari, matanga, majina ya watoto na heshima kwa wakubwa. Safari hii naomba ruhusa niandike juu ya jambo ambalo wengine wataliona ni dogo, tena la aibu kidogo: tumbako mu nganda. Swali lenyewe ni hili. Ikiwa sheria inakataza kuvuta sigara ndani ya nyumba za watu wengi, je, ni haki kuziacha huru nganda na nyumba za kucheza muziki usiku, kwa sababu ni mahali pa watu wakubwa tu, na kila anayeingia ameingia kwa kupenda kwake?

Swali hili sikulitoa katika kitabu. Nilipewa na rafiki yangu mmoja, mzee wa reli aliyepata pensheni yake (au tuseme, anayeingojea bado), tulipokuwa tumeketi jioni moja hapa Kasuku, karibu na Mto Lualaba. Nilikuwa nimemwambia kwamba sheria za leo zinataka watu wasivute ndani. Alinijibu hivi:

“Weye mwalimu, unisikilize. Mimi ni mutu mukubwa. Naingia mu nganda na miguu yangu. Najua kama tumbako ni mubaya, hata bibi yangu ananiambia kila siku. Mule hakuna mutoto, hakuna mugonjwa, hakuna kanisa wala muskiti. Mwenye hapendi moshi, akunywe kwake. Serikali inatafuta nini mule?”

Wenzetu waliokuwa pale walicheka, wakampa haki. Mimi nilinyamaza, na sababu ya kunyamaza ni kwamba maneno yake yana uzito. Tusiyadharau. Mtu mzima ana haki ya kujiletea hasara yake. Hatumkatazi anayekunywa lutuku, na sote tunajua lutuku inavyofanya. Hatumkatazi anayevuka kwenda Alunguli kwa mtumbwi uliojaa watu, wakati upepo umeanza. Tukianza kumlinda mtu mzima na kila kitu alichokichagua, tutaishia kumfanya mtoto, na katika mila zetu hakuna tusi kubwa kuliko kumfanya mzee kuwa mtoto.

Tena kuna kitu kingine nyuma ya maneno yake, ambacho watu wa mbali hawakielewi wanapotuletea sheria. Sisi tumeona marufuku nyingi. Walega hawajasahau kwamba mwaka 1948 Wabelgiji waliupiga marufuku Bwami, chama ambacho ndani yake wazee walifundishana hekima na tabia njema. Walisema ni kwa faida ya watu. Na baada ya Wabelgiji kuondoka, marufuku nyingi zimekuwa mlango wa lamanda: mtu mwenye kofia anaingia, anatafuta kosa, anaondoka na pesa kidogo mfukoni, na kosa linabaki palepale. Mzee anapouliza serikali inatafuta nini mu nganda, anauliza kama mtu aliyekwisha kuona jibu.

Basi nilirudi nyumbani na swali lake, na nikaanza kukumbuka baraza ya babu yangu.

Wakubwa wa zamani walivuta, tena sana. Kila mzee alikuwa na kiko chake, na tumbako ilikuwa kitu cha heshima: ulimpa mgeni, ulimpelekea mkwe, uliiweka katikati wakati wa kusuluhisha maneno. Kulikuwa na mahali pa wanaume wakubwa, ile nyumba Walega wanayoiita lusu, na kwa wengine ni baraza tu. Watoto hatukuketi pale. Kwa hiyo mtu anaweza kusema: mnaona, hata mila yetu ilijua mahali pa watu wakubwa, na pale walifanya walivyotaka. Nami nilikuwa karibu kukubali hivyo.

Lakini nilikumbuka kaa la moto. Babu alipotaka kuwasha kiko, hakuinuka. Aliita: “Leta moto!” Na mimi nilikimbia jikoni kwa bibi, nikachukua kaa kwa kipande cha kigae, nikalileta mbio kabla halijazima. Nilipiga goti, nikalitoa kwa mikono miwili, nikasimama pembeni mpaka aniambie “nenda”. Hapo ndipo nilipoona kosa katika hesabu ya rafiki yangu. Mahali pa watu wakubwa hapajapata kuwa na watu wakubwa peke yao. Sikuzote kuna mwingine aliyesimama pembeni, ambaye hakuja kwa kupenda kwake, bali ameitwa. Tukihesabu walioketi tunamsahau.

Tofauti ni kwamba baraza ya babu ilikuwa wazi pande zote, moshi ulikwenda zake na upepo wa mto, na mimi nilikaa pale kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini. Leo nganda ni chumba cha matofali, mabati juu, madirisha mawili yamefungwa na mapazia ili watu wa njia wasione nani anakunywa na nani. Na anayeleta moto leo ni binti wa miaka ishirini na kitu, anayebeba chupa za Primus toka saa kumi ya jioni mpaka usiku wa manane, siku sita kwa juma.

Nina sababu ya kumkumbuka binti huyo. Mtoto wa mdogo wangu alifanya kazi hiyo karibu miaka miwili, apate pesa za masomo yake ya juu. Hakuwa anavuta. Alirudi usiku nguo zake zikinuka tumbako hata mama yake alizitundika nje. Mwaka wa pili alianza kukohoa, tukaogopa kifua kikuu. Alipimwa, hakuwa nacho. Aliacha kazi, na kikohozi kikapungua pole pole. Siwezi kuapa kwamba ni moshi uliomfanya hivyo, kwani Kindu kuna vumbi, kuna makaa ya jikoni, kuna malaria ya kila namna. Lakini nilipomuuliza kwa nini hakuacha mapema, alinitazama kama mtu asiyejua shule inalipwa na nini. “Baba mkubwa, na ningeenda wapi?” Rafiki yangu anasema: mwenye hapendi moshi, akunywe kwake. Huyu hakwenda kunywa.

Wenye elimu ya afya wamelisema wazi jambo hili. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba watu zaidi ya milioni 1 hufa kila mwaka kwa moshi wa sigara za wengine, wao wenyewe hawavuti. Nchi yetu iliukubali Mkataba wa shirika hilo juu ya tumbako mwaka 2005, na Sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018, inayoweka misingi ya afya ya umma, nayo inagusa tumbako. Nimekisoma kifungu cha 8 cha Mkataba. Kinataka watu walindwe na moshi katika vyombo vya safari, katika nyumba za watu wengi, na katika mahali pa kazi penye kufungwa. Hakiulizi umri wa wateja. Na nganda, kwa yule binti, ni mahali pa kazi kama vile ofisi ya gavana ilivyo mahali pa kazi kwa karani.

Waayalandi walilijua hilo mapema. Tarehe 29 Machi 2004 walikataza kuvuta ndani ya bar zote, na wale watu ni wapenzi wa bar kuliko sisi, lakini hoja yao kubwa ilikuwa afya ya wafanyakazi. Hapa jirani, Uganda ilitunga sheria yake mwaka 2015, na bar zimo ndani bila kusamehewa. Kenya mwaka 2007 ilichagua njia nyingine, ya kutenga sehemu za wavutaji.

Ujerumani ndiko walikofanya kama anavyotaka rafiki yangu. Mahakama yao kubwa, tarehe 30 Julai 2008, ilisema kwamba ikiwa bar kubwa zinaruhusiwa kutenga chumba cha wavutaji, basi bar ndogo ya chumba kimoja nayo iachwe: isiwe na mita za mraba 75, isipike chakula, isiingize mtoto chini ya miaka 18, na iandike mlangoni kwamba ni ya wavutaji. Lakini mahakama hiyohiyo ilisema bunge lina haki ya kukataza kila mahali, likitaka. Na watu wa jimbo la Bavaria, tarehe 4 Julai 2010, walipiga kura wenyewe wakachagua kukataza kila mahali.

Mfano ulionisumbua zaidi ni wa Uholanzi, kwa sababu unajibu hoja yangu ya binti. Wao walisamehe bar ndogo ambayo mwenyewe anafanya kazi peke yake, bila mfanyakazi hata mmoja. Hapo nani anaonewa? Mwenyewe amechagua, wateja wamechagua. Hata hivyo mwaka 2014 mahakama yao kuu iliuondoa msamaha huo, ikisema haupatani na kifungu cha 8, kilekile tulichokikubali sisi. Kisheria neno limekwisha. Lakini mimi nauliza juu ya haki, na nakiri kwamba kama bar ya namna hiyo ingekuwepo Kindu, bar ya mtu mmoja na rafiki zake, mlango umefungwa, ningeona vigumu kumwambia rafiki yangu zima kiko chako.

Haipo. Tembea Mikelenge jioni uone. Nganda nyingi ziko ndani ya parseli ya watu. Chumba cha mbele ni meza na viti, nyuma ya pazia kuna kitanda cha watoto. Mama mwenye nganda anasema anafanya kazi peke yake, na ni kweli, hana mfanyakazi anayemlipa. Ana mtoto wa kike wa kumi na mbili anayeosha glasi, ana mdogo wake anayeangalia jenereta, ana mtoto mgongoni. Na wauza mayai na karanga, je? Wanapita kati ya meza na sinia kichwani, hata mmoja hajafika miaka kumi na tano, nasi ndio tunaowaita: “Weye wa karanga, kuya huku!” Nchi ambayo bado haijaweza kuwatoa watoto mu nganda itasemaje moshi ubaki kwa sababu mu nganda hakuna watoto?

Kwa hiyo mimi nasimama upande wa wanaosema nganda zisisamehewe. Lakini juu ya lamanda nasimama na rafiki yangu. Sheria hii ikiletwa na polisi wa usiku, itakufa, na ikifa itakuwa imeshawalisha wengine. Heri iletwe kama tulivyoletewa adabu ya baraza: mwenye nyumba ndiye anayesema, “Hapa kwangu, baba, tunavutia nje,” na mgeni anatii, kwa maana kutotii ni kumdharau mwenye nyumba.

Nilimwambia hivyo mama mmoja jirani yangu mwenye nganda. Alifikiri siku mbili tatu, halafu akatoa mabenchi mawili chini ya mwembe wake. Wavutaji wanaketi pale, na kusema kweli maongezi mazuri yote yamehamia huko, hata sisi tusiovuta tunawafuata. Mzee wa reli alinuna juma zima, kisha akazoea. Shida ni mvua. Ikinyesha wote wanakimbilia ndani na sigara zao mkononi, mama hana ujasiri wa kuwarudisha kwenye maji, na yule wa kumi na mbili bado anaosha glasi pembeni ya meza yao. Sasa tunachanga pesa za mabati sita. Tumefika manne.