KUULIZA SI AIBU
Neno kwa vijana wetu wa Masisi na Walikale wanaoanza masomo ya juu

Masomo: Danieli 1:1-20 na 2:14-19



Kila mwaka tunawaona wakishuka Goma. Huyu ana gunia la viazi kutoka Masisi, yule ana bido la mawese kutoka Walikale, na diploma ya serikali imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki isilowane. Siku ya Mungu wanaketi nyuma kabisa. Ukiwauliza habari za masomo wanajibu, «Ni vizuri.» Sisi tumejifunza ya kwamba mara nyingi si vizuri.

Wandugu, Danieli naye alikuwa mwanafunzi mpya. Vita vilimtoa Yerusalemu, akapelekwa Babeli pamoja na Hanania, Mishaeli na Azaria. Mfalme aliagiza wafundishwe elimu na lugha ya Wakaldayo kwa miaka mitatu. Lugha ilikuwa ngeni, chakula kigeni, hata majina yao yakabadilishwa.

Je, hiyo si habari ya watoto wetu? Aliyekua akisema Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda nyumbani, na Kiswahili sokoni, leo anaketi UNIGOM, ULPGL au ISTM, na somo linatolewa kwa Kifaransa cha mbio. Hata kaka aliyemtangulia hawezi kumweleza yote. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi yetu imeingia katika mpango wa LMD: lisansi ni miaka 3, na kila mwaka una kredi 60. Kaka alisoma graduat, hakuhesabu kredi. Tena mwezi wa Januari 2025 vita vilifika Sake na Goma, na mwezi wa Machi 2025 vikafika Walikale-kati. Kuna vijana ambao wazazi wao walikimbia, mashamba yakabaki, na fedha za shule zikapotea njiani.

Hapa tunapaswa kutubu mbele yenu. Miaka kadhaa iliyopita, kijana mmoja wa Walikale alianguka mitihani. Tulifunga pamoja naye siku tatu. Mmoja wetu akasema ameona mtu wa ukoo akimfunga. Kijana akatoka akimwaza bibi yake, mama mzee aliyeuza mbuzi wake ili minervali ilipwe. Akaacha kumpigia simu.

Baadaye mama mmoja wa kanisa alimwita kwake kula bugali na sombe. Akamwuliza pole pole: «Mwanangu, unalala wapi? Unakula nini? Silabusi unazo? Asistanti akisema, unasikia?» Ndipo ukweli ukatoka pamoja na machozi. Alikula mara moja kwa siku. Hakuwa na silabusi hata moja. Kifaransa kilimpita, na hakujua ya kwamba kulikuwa na sesio ya pili. Mizigo yake ilikuwa tayari, aende kuchimba koltani Rubaya.

Sisi tulimtafutia mchawi, kumbe alikosa mtu wa kumwuliza maswali manne. Hatusemi ya kwamba Roho wa Mungu haonyeshi. Tunasema ya kwamba siku ile hakuwa Roho. Ulikuwa uvivu wetu wa kuuliza. Tulimpigia bibi yule simu, tukaomba msamaha. Kijana alirudia mwaka, akapita.

Basi, vijana wetu, tuangalie Danieli alifanya nini.

Kwanza, aliuliza, na alipokataliwa aliuliza tena. Alimwomba mkuu wa matowashi habari ya chakula. Yule akaogopa mfalme. Danieli hakurudi chumbani kulia. Alimwendea msimamizi, mtu mdogo zaidi, akaomba ajaribiwe siku kumi, naye akakubali. Wewe nawe, profesa akiwa mbali, mwendee asistanti. Asistanti akikosa nafasi, mwendee kiongozi wa promosio, au dada wa mwaka wa pili. Uliza mapema: mitihani ni lini, silabusi ni ngapi, minervali inaweza kulipwa kwa sehemu? Na fedha zako lipa pale tu unapopewa karatasi ya malipo.

Pili, hakukaa peke yake. Ile siku ya swali la mfalme, ambalo wenye hekima wote walishindwa, aliomba apewe muda, akaenda nyumbani, akawaambia wenzake watatu, wakaomba pamoja. Usiku ule jibu likaja. Tafuteni watatu wa kusoma nanyi. Wa Masisi asiseme, «Nitasoma na wa kwetu tu.» Vita vimetugawa vya kutosha, daftari moja na ituunganishe.

Tatu, alisoma. Mungu aliwapa vijana wanne maarifa, lakini miaka mitatu waliketi darasani. Kuna wanaotuletea kalamu ziombewe usiku wa kuamkia mtihani. Tutaomba, ndiyo. Lakini tutakuuliza kwanza: umesoma kurasa ngapi? Katika LMD hata saa za kusoma peke yako zinahesabiwa ndani ya kredi. Mwenye kuombewa bila kusoma anamjaribu Bwana.

Na ninyi wazazi wa kanisa, msitosheke kusema «Mungu akubariki» huku mtoto analala na njaa. Baada ya ibada, kila nyumba imwite mwanafunzi mmoja. Mpe bugali, kisha muulize yale maswali manne. Aliyemaliza masomo abaki nusu saa nyuma ya kanisa, amwonyeshe mpya namna ya kuandika noti. Na mtu asitamke jina la ndugu wa kijana kuwa mchawi kwa sababu ya mtihani. Tumeona matunda yake, na ni machungu.

Ee Bwana, uliyekuwa pamoja na vijana wanne katika Babeli, uwe pamoja na watoto wa Masisi na Walikale. Wape kinywa cha kuuliza, nasi utupe masikio ya kusikia. Rudisha amani katika vijiji vyao, wapate mahali pa kupeleka elimu yao. Kwa jina la Yesu. Amina.