Picha ya saloni na bei ya mali

Mu 2007 niliingia mu saloni ya kijana mumoja pale Walikale-centre. Kwenye ukuta alikuwa amechorewa nyumba ya kitajiri: viti vya velu, mapazia marefu, taa ya dhahabu inaning'inia. Chini ya picha, sisi wageni watatu tulikaa kwenye benchi moja ya mbao. Je, ni kosa mutu kuonyesha utajiri namna ile?

Tusicheke haraka. Mu 1628, kule Antwerp, Willem van Haecht alichora nyumba ya Cornelis van der Geest, mfanyabiashara wa viungo. Kuta zimejaa picha, na watawala wa inchi, Albert na Isabella, ni wageni wake. Maana ni wazi: muone mali yangu, muone nani anaingia kwangu. Hata wazungu walitafuta kuonekana.

Kwetu Kongo, miaka ya 1970, saloni nyingi za Lubumbashi zilikuwa na picha ya Mamba Muntu, mwanamuke nusu samaki mwenye kuleta mali. Lakini kila mutu alijua kwamba mali ile iko na bei kali. Hapo naona tofauti: picha ya Antwerp inanyamaza juu ya bei, Mamba Muntu inaikumbusha.

Kijana yule alipata franga mu kasiterite ya Bisie. Picha yake haikuonyesha shimo, wala wenye kubeba magunia mu pori, wala nafasi yake iliyobaki wazi mu darasa langu. Nami, mwalimu wake, nilisikia wivu, siwezi kudanganya.

Wanyanga wako na hadithi ya Mwindo, ile Shekarisi Rureke alimuhadithia Daniel Biebuyck mu 1956. Mwindo alijivuna, basi Nkuba, mwenye radi, akamupandisha juu. Mvua, baridi na jua vikamutesa. Alirudi bado mukubwa, lakini majivuno yameisha.

Kwa hiyo, kupamba nyumba si kosa. Kosa inaanza pale uzuri unafunika bei na kufunga mulango. Kijana yule hakufunga. Alituletea bugali na sombe, na juu benchi ilijaa, yeye mwenyewe akakaa chini.

Siku utapachika picha mu saloni yako, jiulize: nani alilipa? Tena, nani anaweza kuingia na kukaa?